Kusali Katika Mji wa Takaba

Rafiki yangu mmoja, mkulima wa mboga huko kwetu Taita, ameniuliza mara nyingi swali ambalo nadhani wasomaji wengine pia wangependa kuniuliza kama tungekutana njiani: "Wewe uliwezaje kukaa miaka kumi Takaba, nawe ni Mkristo, katika nchi ile ya jua na bunduki?" Kila mara nimemjibu kwa neno moja tu, "Kwa sala," naye kila mara amenitazama kama mtu aliyeomba chakula akapewa sahani tupu. Ana haki. Neno hilo limesemwa sana hata limekuwa jepesi mdomoni. Basi leo nataka kulieleza kwa urefu. Sitahubiri, maana mimi si padre wala mwinjilisti. Ni karani wa serikali aliyestaafu, na nitakayoandika ni yale niliyoyaona katika kazi yangu ya kila siku.

Kwa wale wasiopajua, Takaba ni mji mdogo wa Mandera Magharibi, kaskazini-mashariki ya Kenya, upande wa kuelekea mpaka wa Ethiopia. Wenyeji wake wengi ni Wagare, watu wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na takriban wote ni Waislamu. Nchi ni kavu. Maji hutegemea malambo yanayojazwa na mvua, nayo yakikauka watu hungojea lori la maji, mitungi yao ya plastiki imepangwa mstari mrefu kama watoto wa shule wakati wa gwaride. Sisi tuliotoka sehemu nyingine tulikuwa wachache: walimu, wauguzi, askari, makarani na mafundi wa ujenzi. Mwenyeji akisafiri kwenda Nairobi alisema, "Naenda Kenya." Wageni hucheka wakisikia neno hilo, lakini nawashauri wasicheke upesi. Sheria ya hali ya hatari iliyowekwa katika nchi ile mwisho wa mwaka 1963 haikuondolewa mpaka mwaka 1991, na mtu aliyekulia chini ya sheria ya namna hiyo ana sababu ya kuona kwamba Kenya iko mahali pengine.

Nilifika mwaka 2013, mwaka ule serikali za kaunti zilipoanza kazi. Nilipata chumba kimoja chenye paa la mabati, kitanda cha kamba, na jirani mzee mmoja mwenye ngamia. Usiku wa kwanza sikupata usingizi kwa ajili ya joto. Ilipokaribia saa kumi na moja alfajiri nikasikia adhana. Nilizoea kuisikia tangu utotoni, maana hata Voi misikiti ipo, lakini kwetu ilikuwa sauti ya jirani; Takaba ilikuwa sauti ya mji mzima. Milango ikafunguliwa, maji ya kutawadha yakamiminwa, ndara zikaburura mchangani. Nikajiambia: watu hawa wote wameamka kwa ajili ya Mungu, nami je, nitageuka upande wa pili nilale? Nikaketi kitandani nikasali. Tangu siku ile hata nilipoondoka, adhana ya alfajiri ndiyo iliyokuwa kengele yangu. Mwadhini hakupata kujua kwamba alikuwa akimwamsha Mkristo kila siku kwa miaka kumi. Natumaini hatakasirika akisoma haya.

Sala yenyewe ilikuwa fupi, na nitaeleza ilivyokuwa, kwa kuwa hapo ndipo jibu la rafiki yangu lilipo. Kwanza nilishukuru kwa jambo moja la jana. Sikusema tu "asante kwa yote," maana mtu akishukuru kwa yote huenda hajashukuru kwa lolote. Nilitafuta jambo moja na kulitaja kwa jina lake: bilauri ya chai ya maziwa ya ngamia niliyopewa na mke wa jirani, upepo uliokuja saa kumi alasiri, mtoto wangu aliyefaulu hesabu. Kisha nilitaja jambo moja nililoliogopa katika siku inayokuja, nalo pia kwa jina lake. Kisha nikawataja watu. Basi, imekwisha. Mwanzoni ilinibidi kufikiri sana kabla ya kupata jambo la kushukuru, hasa siku za joto kali. Baada ya miezi michache mambo yakageuka. Nikiwa mchana kazini nilijikuta naangalia huku na huku kama mtu anayeokota kuni, nikisema moyoni, "Hili nitalitaja kesho." Furaha iliniingia kwa mlango huo. Haikuwa furaha ya kupiga makofi. Ilikuwa ya mtu aliyeanza kuona vitu vilivyokuwa mbele ya macho yake siku zote.

Lakini kuwa na furaha wakati wa amani si jambo kubwa. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa njiani na watu wa Al-Shabaab. Abiria wasiokuwa Waislamu walitengwa na wenzao, na watu 28 wakauawa. Wengi walikuwa watumishi wa serikali, walimu miongoni mwao, wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa usiku huko Koromey, karibu na mji wa Mandera. Hao walikuwa watu wa namna yangu. Walibeba mifuko kama wangu na vitambulisho kama changu, wakasafiri katika njia niliyokuwa nikisafiri mimi.

Hofu iliyonishika baada ya hapo siwezi kuisahau. Nilikuwa nikisikia pikipiki usiku naacha kupumua mpaka ipite. Mwanzo wa mwaka 2015 walimu wengi waliotoka sehemu nyingine walikataa kurudi kaskazini-mashariki, wakakaa Nairobi mbele ya ofisi za mwajiri wao wakiomba wahamishwe. Wako watu waliowaita waoga. Waliosema hivyo, kwa nionavyo mimi, walikuwa wamelala salama katika miji yao. Mimi sina neno la kuwalaumu walimu wale. Nami niliandika barua ya kuomba uhamisho, nikaikunja, nikaiweka chini ya sanduku langu la nguo, kisha nikampigia simu mke wangu kumwambia.

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, sikukatazi kukaa wala sikuagizi kurudi. Lakini ukikaa, nataka nijue saa unayosali, ili nami niamke saa ile ile."

"Saa kumi na moja alfajiri, mama watoto. Mwadhini akianza."

"Basi. Mimi huku nitaanza jogoo akiwika. Wako na wangu, sijui nani atamwahi mwenzake."

Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba nikiketi kwenye kitanda cha kamba, yeye ameketi kwenye kigoda jikoni Wundanyi, ukungu ukiwa bado bondeni, na moto haujawashwa. Hatukusikilizana maneno, wala hatukupigiana simu saa hiyo. Lakini nawaambia wasomaji walio na wake au waume walio mbali kwa ajili ya kazi: jaribuni jambo hili. Nauli yake ni bure, na halitegemei mtandao.

Sasa nifike mahali pagumu. Msomaji atasema, "Lakini wale waliouawa katika basi, wao hawakusali?" Walisali, sina shaka hata kidogo. Tena yako mambo mazito zaidi. Tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa kabla ya jua kuchomoza, kikundi cha wanafunzi Wakristo kilikuwa katika chumba cha masomo kikifanya sala ya alfajiri, na wengi wao waliuawa pale pale. Siku hiyo waliuawa watu 148, karibu wote wanafunzi. Waliuawa wakiwa wanasali! Habari hiyo iliponifikia, niliketi kitandani kesho yake alfajiri nisiweze kusema neno hata moja. Mwadhini alimaliza, jua likatoka, nami nimeketi tu.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wahubiri wanaouza sala kama hirizi, wakisema aombaye sana hapatwi na baya. Maneno hayo ni matusi kwa vijana wa Garissa. Mtu anayesali ili risasi impite pembeni atasali mpaka siku risasi itakapokuja, kisha ataacha, ikiwa bado yu hai. Siku ile nisipoweza kusema kitu, nilipata kuelewa jambo moja ambalo sikufundishwa katika darasa la kipaimara: kwamba nilikuwa nimeketi, lakini sikuwa nimeketi peke yangu. Siwezi kulieleza zaidi ya hapo. Hofu haikuondoka, ila ilikuwa imepata mwenzake chumbani, na mwenzake huyo alikuwa mkubwa kuliko yeye. Nikaoga, nikavaa, nikaenda kazini nikafungua dirisha la ofisi saa mbili kamili kama siku zote.

Huo ndio ujasiri wote nilioupata. Naona watu hudhani ujasiri ni wa askari, nao ni kweli. Lakini uko ujasiri wa karani pia, nao ni kufungua dirisha saa mbili kamili. Siku hiyo alikuja mama mzee aliyetembea tangu usiku kutoka kwenye zizi la mifugo, akitafuta cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake ili mtoto aandikishwe mtihani wa darasa la nane. Alikuwa amerudishwa mara mbili kwa sababu ya karatasi. Nilipommalizia shughuli yake aliniombea dua kwa lugha yake, mikono ameinua. Nilipanga kumtaja yeye katika shukrani ya kesho, na kesho yake nikamtaja. Barua ya uhamisho ilikaa chini ya sanduku mpaka mchwa wakaanza kuila.

Katika Biblia yuko mtu ninayempenda kuliko wengi, naye ni Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, yaani mtumishi wa ofisini kama sisi. Mfalme alimwuliza anataka nini, naye kabla ya kujibu akamwomba Mungu, kisha akajibu. Msomaji apime mwenyewe nafasi iliyokuwapo kati ya swali la mfalme na jibu la mtumishi! Hapakuwa na wakati wa kupiga magoti wala kufumba macho. Sala hiyo ya kufumba na kufumbua ndiyo iliyonifaa sana kazini. Mtu amekuja dirishani na hasira, anapiga meza, anasema sisi watu wa kutoka chini tumekuja kuwanyima haki zao. Kabla sijafungua mdomo, nasali kwa pumzi moja. Mara nyingi nilipofungua mdomo nilisema, "Mzee, kaa kitako kwanza, unywe maji." Na mtu aliyekaa kitako akanywa maji katika nchi ile amekwisha kupoa nusu.

Jumapili tulikuwa na mkusanyiko wetu. Hatukuwa na jengo. Tulikutana saa kumi alasiri chumbani mwa muuguzi mmoja, na kiti kilikuwa kimoja tu. Alikuwako Mkatoliki, Mwanglikana, mtu wa AIC, na Mpentekoste mmoja ambaye tulimwomba apunguze sauti. Alipunguza, maskini, ingawa tuliona inavyomgharimu. Mafarakano ya madhehebu ambayo huko kwetu huchukua miaka kuyasuluhisha, kule yalikwisha kwa kukosa nafasi ya kukaa. Tuliimba kwa sauti ya chini sana, na wimbo ulioimbwa hivyo, nawahakikishia, una utamu ambao vipaza sauti vimeuua katika makanisa mengi ya mijini. Kila mtu alitaja shukrani yake ya juma. Siku moja fundi mwashi alishukuru kwa sababu alipata vitunguu. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza kuna nini, akaambiwa vitunguu, naye akacheka.

Wala isidhaniwe kwamba Mungu alitusaidia kwa mikono ya Wakristo tu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, lililokuwa likienda Mandera, lilishambuliwa karibu na Elwak, katika njia ile ninayoijua vizuri. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na abiria wakawaambia wale watu wawaue wote pamoja au wawaache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki Nairobi mwezi wa Januari 2016. Hata Garissa, makanisa mawili yaliposhambuliwa tarehe 1 Julai 2012 na zaidi ya watu 15 wakafa, viongozi wa Waislamu walikubaliana kuweka vijana wa kuyalinda. Jina la mwalimu Salah nililitaja alfajiri kwa muda mrefu, na nikamwambia jirani yangu mzee kwamba ninalitaja. Hakusema kitu, ila kesho yake alinitumia maziwa.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenisimulia kwa mara ya kwanza habari za Annalena Tonelli. Wako wasomaji watakaomkumbuka. Alikuwa mwanamke wa Italia, aliyezaliwa Forlì mwaka 1943. Hakuwa mtawa, ingawa wengi walimdhania hivyo. Alikuwa Mkristo wa kawaida aliyeamua kuwahudumia maskini. Alikaa Wajir miaka mingi akiwatibu watu wa kifua kikuu. Tatizo lilikuwa kwamba mfugaji akipata nafuu huhama na mifugo yake kabla dawa haijaisha, na ugonjwa humrudia ukiwa mkali zaidi. Basi mwaka 1976 akaanza kuwapa wagonjwa mahali pa kujenga vibanda vyao wenyewe karibu na kituo, wakakaa miezi sita wakinywa dawa mbele ya macho ya mwangalizi. Njia hiyo ya kumeza dawa mbele ya mwangalizi baadaye ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nchi nyingi. Mwezi wa Februari 1984, yalipotokea mauaji ya Wagalla, alikwenda kuwatibu majeruhi na kuokota maiti, akayatangaza yaliyofanyika, na kwa ajili hiyo ikambidi kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi ile Somalia. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi na kufa huko Borama.

Nilimwuliza mzee, "Watu wa hapa walionaje, mwanamke Mkristo peke yake?"

Akanijibu, "Karani, mtu anayemlisha mgonjwa wangu kwa mkono wake, niulize dini yake kwanza?" Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi barazani, "Alikuwa akisali sana. Tulijua."

Neno hilo, "Tulijua," nimelifikiri mara nyingi. Mwanamke huyo alitenga saa zake za kukaa kimya mbele ya Mungu, na hakuhubiri sokoni. Lakini watu wa dini nyingine walijua kwamba anasali, kwa kuwa waliona kilichotoka mlangoni mwake baada ya sala. Wengine wetu majirani hujua tunasali kwa sababu tu tunawanyima usingizi.

Kisha ukaja ukame mkubwa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mkulima anayesoma haya anajua maana ya msimu mmoja kupotea. Basi azidishe mara tano. Ng'ombe walikufa kwanza, kisha mbuzi, na mwishowe hata ngamia, mnyama ambaye watu walimtegemea awe wa mwisho kuanguka. Njiani kulikuwa na mizoga pande zote mbili. Jirani yangu alipoteza zaidi ya nusu ya mifugo yake. Wanaume wa mji walitoka kwenda uwanjani nje ya mji kuswali swala ya kuomba mvua, wazee na watoto, wamegeuza nguo zao kama ilivyo desturi yao. Aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni.

"Nanyi mnaomba?" akaniuliza.

"Tunaomba, mzee. Kila siku."

"Ombeni. Mungu hachoki kubishiwa hodi."

Mvua ilirudi mwaka 2023, na mwisho wa mwaka huo ikazidi, mafuriko yakakata barabara za Mandera na kuchukua hata mbuzi waliookoka na ukame. Mzee alitazama maji yakipita mlangoni pake, akasema nasi tuliomba sana bila kutaja kipimo. Alikuwa mtu aliyepoteza zaidi ya nusu ya mali yake, naye bado alikuwa na mzaha mdomoni. Nikaona kwamba naye ana alfajiri yake.

Kustaafu kwangu kuliangukia mwezi huo wa Desemba, nami nilingoja siku kadhaa barabara ifunguke. Mahali pangu aliletwa karani kijana, msichana wa Kitui, Mkristo, ambaye alikuwa amelia njiani; macho yalisema. Nilimwonyesha majalada, kisha chumba. Nilimwambia siku za lori la maji, na kwamba mitungi apange mapema. Nilimwambia chai ya mke wa jirani asiikatae hata siku moja. Nilimwambia kwa muuguzi ni Jumapili saa kumi, aende na mkeka wake kwa kuwa kiti ni kimoja. Akaniuliza kama usiku anaweza kupata usingizi mahali pale. Nikamwambia joto litampunguzia usingizi miezi ya kwanza, na kwamba saa kumi na moja ataamshwa.